Ng'ombe Uliyempeleka Makambako

Ramadhani, Njombe

Baba,

Kamwene. Nakuandikia nikiwa jikoni, kwa sababu baridi ya mwezi huu imekataa kabisa kutoka vyumbani. Mama amelala mchana, jambo ambalo ulipokuwepo hakulifanya hata siku moja. Tabita amekwenda kuteka maji. Nimesubiri wote wasiwepo ndipo nikachukua kalamu, maana sipendi mtu anayesimama nyuma yangu wakati naandika. Unanijua.

Ulikuwa ukiniita Askari Kanzu. Nilipokuwa mdogo kuku wetu akipotea, nilizunguka kwa majirani nikitazama kama kuna manyoya jalalani kwao, na wewe ulicheka mpaka ukashika mlango. Sasa ni mwalimu wa darasa la kwanza na bado naangalia majalala ya watu. Tangu ufungwe, miaka yote hii, nimemshuku kila mtu hapa mtaani Ramadhani, nikaishia kwa ndugu yako wa tumbo moja. Barua hii ni kwa ajili ya hilo. Nimepata nilichokuwa nakitafuta, Baba, na nina hasira na wewe.

Kwanza habari za nyumbani, ili usiseme nimekuja na ugomvi mikononi. Miti ya miwati uliyopanda kando ya kijito imenishinda urefu. Mbuzi wamezaa. Koti lako bado liko kwenye msumari wake, nimekataa lisivaliwe na mtu, na Mama ameacha kunibishia. Tabita ameposwa. Ndiyo, Tabita wako, yule aliyekuwa akilala kwenye gunia la mahindi. Kijana anaitwa Eliya, mtu wa Matamba, seremala wa misheni, mpole kupita kiasi. Nilimchunguza sana nikitafuta kasoro, nikaambulia tu kwamba anakula haraka.

Watu wake walikuja mara ya kwanza na msemaji wao, mjomba wake, Mzee Sanga. Wakala, wakasali, wakaondoka wakicheka. Kisha kimya. Mwezi ukapita, kimya. Halafu akaja mtu na ujumbe kwamba wamesikia baba wa binti alifungwa kwa wizi wa ng'ombe, na kwao Matamba hawachukui mke kutoka nyumba ya mhalifu. Tabita hakulia. Alikunja kitambaa cha meza alichokuwa akikishona, akakiweka chini ya godoro, akaacha kula. Nilimwona akikonda mbele ya macho yangu, na mimi dada yake sikuwa na la kuwajibu watu wale. Ulifungwa kweli. Ng'ombe alikuwepo kweli.

Nakumbuka jioni uliyokuja na yule ng'ombe. Ulikuwa umetoka Mlangali kwa miguu, umemswaga mwenyewe, jike jekundu mwenye pembe moja iliyopinda. Ukamfunga nyuma ya jiko hili hili. Sisi tulikuwa watu wa mbuzi tu, kila mtu anajua, nikakuuliza ni wa nani. Ukasema ni wako, alikuwa kwa rafiki. Hata Mama alikuwa hajui. Wazee wa kwenu mna mtindo huo, ng'ombe anawekwa mbali kwa rafiki, rafiki anakunywa maziwa, mwenyewe anangoja ndama, na nyumbani mtu anaonekana maskini ili asisumbuliwe. Sikatai ni akili. Lakini siku mwenye mbuzi anapoonekana na ng'ombe, majirani wafikirie nini? Na rafiki yako huyo, shahidi pekee, alikuwa ameshajiandikisha kwenda mashamba ya mkonge, na hajarudi mpaka leo.

Shangazi alikuwa amefiwa na mume huko Makambako. Katika ukoo wetu kaka mkubwa wa mjane huenda msibani na mnyama anayetembea kwa miguu yake. Nyama iliyobebwa begani haihesabiki. Mjane ambaye kaka yake amekuja mikono mitupu hukaa pale kama mtu aliyeokotwa, na ndugu za marehemu wanaweza kumwambia achukue watoto wake aende. Na Shangazi alikuwa na watoto wadogo wanne na mashemeji wenye midomo mirefu.

Lakini bwana mifugo alikuwa amefunga njia. Kulikuwa na sotoka, tauni ile ya ng'ombe, karantini imetangazwa, hakuna ng'ombe kuvuka kwenda Makambako wala kutoka. Ulikwenda bomani kuomba kibali, ukanyimwa. Ulirudi, ukala viazi vyako pole pole, ukasema, "Dada yangu hatakaa msibani kama mtu asiye na kwao." Hukusema zaidi. Kulipopambazuka ukamtoa ng'ombe na kupita naye kwenye miwati, mbali na barabara, na Mama Sara, jirani yetu, aliyekuwa akiokota kuni, akawaona. Mimi nilimwona Mama Sara akiwaona.

Baada ya hapo tulipata habari moja tu: Baba amekamatwa Makambako. Ng'ombe ameuawa na kufukiwa na watu wa mifugo, na mifugo yote ya nyumba ya msiba imezuiwa. Barazani ulisomewa kosa la kuvunja amri ya karantini. Ukakubali. Ukafungwa.

Hapo ndipo yalipoharibika, Baba. Hakimu alijua umefungwa kwa nini, karani alijua, wewe ulijua. Watu wa Njombe hawakuwepo barazani. Wao walikuona ukifyeka nyasi za bomani na nguo za kifungo, na bega kwa bega na wewe alikuwepo mwizi wa ng'ombe wa kweli, yule aliyevunja zizi la mtu na kumjeruhi mchungaji. Nguo zile zile, mundu ule ule. Nani angesimama kuuliza huyu ni wa amri na yule ni wa wizi? Nilikuja siku moja na viazi vya kuchoma, askari akaniruhusu, ukanionyesha kwa kidevu yule mwenzako ukaniambia polepole, "Yeye alichukua cha mtu. Mimi nilipita palipofungwa." Nikafikiri unajifariji tu.

Sasa nalielewa neno lile kila siku darasani. Nimekataza watoto kuingia kwa dirisha. Mtoto akiingia kwa dirisha amekosa, namwadhibu, lakini sina wasiwasi na roho yake. Mwingine akimnyang'anya mwenzake kiazi, hapo naogopa atakuja kuwa mtu gani. Hata kama nisingekuwa nimeweka sheria yoyote ya viazi, ningejua ni ubaya. Sheria ya dirisha ni yangu, naweza kuifuta kesho. Ya kiazi siwezi kuifuta, ilikuwepo kabla yangu. Lakini wote wawili nawafagilisha uwanja, na mzazi akipita njiani anaona wakosaji wawili wenye mafagio. Tangu nilitambue hilo nimeanza kuwapa adhabu tofauti.

Ulitoka na kikohozi. Baridi ya kifungo, nguo nyembamba, mawe ya barabara. Ulikaa kwenye jua pale ukutani, ukamwambia Tabita asiogope, na kabla mahindi hayajakomaa ukatuacha. Makaburini mzee mmoja wa kanisa alisimama akamwombea "ndugu yetu aliyepotoka". Nilimtazama mpaka akafumbua macho kabla ya amina.

Basi nikaizidisha kazi yangu, niliyoianza ungali hai. Maana kwa akili yangu mambo yalikuwa hivi: ulitembea porini mbali na barabara, ukafika salama, ukalala msibani, na asubuhi watu wa mifugo wakaja moja kwa moja mpaka kwenye ng'ombe yule, katikati ya ng'ombe wengine wote. Waliambiwa. Na aliyewaambia ndiye aliyekuua, ndivyo nilivyohesabu. Nilimshuku Mama Sara, lakini Mama Sara hana miguu ya kufika Makambako na hawezi kunyamaza na siri hata mpaka mchana. Nikamshuku mwenye duka aliyekuuzia kamba. Nikamshuku mzee yule wa sala. Mwisho nikabaki na Baba Mdogo Yeremia. Yeye alikwenda msibani kwa lori, akafika kabla yako. Na uliporudi kutoka kifungoni, yeye alikuwa na koti jipya la kaki. Alilitoa wapi koti? Niliacha kumwamkia vizuri. Nilikuwa nasema "shikamoo" kama ninayetema mbegu. Na yeye, jambo lililozidi kunitia shaka, akaacha kuja kwetu.

Watu wa Matamba walipoleta ujumbe wao nikasema yatosha. Kama nitamkamata mchongezi, nitamleta mbele ya Mzee Sanga, akiri kwamba alipeleka habari ya karantini na si ya wizi. Niliomba ruhusa shuleni, nikapanda lori la mahindi mpaka Makambako. Nilikuwa nimesikia kwamba mlinzi wa karantini wa wakati ule, Bwana Lazaro, amestaafu, anafuga nyuki huko huko. Nikamkuta anachonga mzinga. Sikuzunguka. Nilimwambia mimi ni binti wa mtu fulani, nataka jina la aliyemchongea.

Akaweka shoka chini. Akaniuliza kwanza Shangazi anaishi wapi siku hizi. Nikamtazama vibaya, Baba, nikafikiri anapima njia ya kukimbia. Nikamjibu kwamba Shangazi yuko kwa mwanawe mkubwa, ana nyumba yake uani, na mashemeji hawana tena la kumwamuru. Akauliza tena kama nina hakika. Nikasema nina hakika. Ndipo akanivutia kigoda.

Akasema asubuhi ile alikuwa anawasha moto kwenye kizuizi alipomwona mtu anakuja peke yake, umande mpaka magotini. Mtu yule akamwamkia, akajitaja jina, akasema jana amevusha ng'ombe bila kibali. Bwana Lazaro alidhani ni mlevi. Kisha mtu akasema ng'ombe anatoka machozi na ute mdomoni, hajala majani aliyopewa, na amefungwa karibu na zizi la marehemu. Akasema msibani wataamka sasa hivi, wakimwona mgonjwa watamchinja haraka na kugawana nyama mpaka vijiji vya mbali, kwa hiyo waje upesi.

Nilimwuliza mtu yule alikuwa nani. Nilikuwa nimeshajua, lakini niliuliza.

Baba, kwa nini hukusema? Ulikaa kwenye jua pale ukutani siku zote zile, mimi nakuletea uji, nakutajia majina ya washukiwa mmoja mmoja, na wewe unakunywa uji! Nakumbuka niliposema Baba Mdogo, ukasema, "Mwache ndugu yangu." Nikaona ni huruma yako ya kawaida.

Bwana Lazaro alinieleza na hilo. Ulimwomba aje kama aliyepata fununu, akukamate mbele ya watu kama mtu mwingine yeyote. Maana ng'ombe wa zizi lile waliokwisha kuambukizwa wangeuawa, wengine wangezuiwa, na mashemeji wangejua kwamba kaka wa mjane ameleta ugonjwa na serikali kwa mkono mmoja. Wangemtoa Shangazi siku hiyo hiyo. Lakini kama ni mchongezi asiyejulikana, wangemlaani mchongezi, na wewe ungekuwa mwenye bahati mbaya tu. Ulimwapisha anyamaze mpaka dada yako awe mahali ambapo hakuna wa kumfukuza. Ndiyo maana aliniuliza kwanza anaishi wapi.

Nililia pale mbele ya mzinga wa watu. Nilirudi kwa lori nikiwa sioni njia. Nilikuwa nimetafuta mwovu kwa muda wote ule, na hakuwepo. Alikuwepo mtu aliyevunja amri kwa sababu ya dada yake, na amri ilipoonekana kuwa na sababu, akatembea mwenyewe kwenda kusema. Angeweza kunyamaza. Nyama ingeliwa, wewe ungerudi nyumbani na mafua kidogo na heshima yako, na sotoka ingetembea kutoka zizi hadi zizi. Huo ndio ungekuwa uhalifu, Baba, na hakuna ambaye angekufunga kwa huo, maana hakuna ambaye angejua.

Nilikwenda kwa Baba Mdogo siku iliyofuata. Nilimkuta anamenya viazi, koti la kaki mgongoni. Nikamsimulia yote bila kupumzika. Akamaliza kumenya kiazi alichoshika. Kisha akasema, "Miaka yote hii nilidhani ni wewe." Mimi! Akaniambia mimi ndiye niliyejua kuandika, mimi ndiye niliyeonekana bomani na viazi, na mwalimu hukaa karibu na wakubwa. Alikuwa ameacha kuja kwetu ili asikae chumba kimoja na binti aliyemwuza baba yake. Tulitazamana. Kisha akaanza kucheka na mimi nikaanza kucheka, na mkewe akaja mbio kuona nani amekufa. Koti alipewa na mwanawe aliyeko Iringa. Nililikagua mshono hata hivyo.

Ni yeye aliyesema tuwaite watu wa Matamba. Bwana Lazaro alipanda lori akaja, mzee wa watu na mgongo wake. Walikaa chumba cha mbele, Mzee Sanga na ndugu zake upande mmoja, sisi upande wa pili, Tabita nyuma ya mlango akidhani hatujui yuko hapo. Bwana Lazaro akasimulia kama alivyonisimulia. Nilimwangalia Mzee Sanga usoni wakati wote, nikitafuta dharau. Sikuiona, lakini huruma pia sikuiona.

Baba Mdogo, kwa furaha yake, akadakia kwamba basi imejulikana, ndugu yake hakuwa na kosa lolote. Mzee Sanga akamgeukia Bwana Lazaro, akauliza kama ndivyo. Nikaona mzee yule wa watu akipapasa magoti, nikafikiri sasa atadanganya kwa kutuonea huruma, na Mzee Sanga atamwona, na mambo yatakwisha.

Akasema, "Kosa alikuwa nalo, nilimkamata kwa mkono huu. Mwizi sikumkamata. Mhalifu ndio kabisa sikumwona."

Mzee Sanga alisogeza kiti chake mbele. Akauliza ng'ombe wangapi walikufa katika zizi lile la msiba. Bwana Lazaro akasema wachache wa zizi lile tu, na ugonjwa haukuvuka kijito. Mzee Sanga akasema wao huko Matamba mwaka ule mazizi yalibaki na kinyesi peke yake, kwa sababu mtu mmoja alimchinja ng'ombe mgonjwa akagawa nyama na kunyamaza. Hakuna aliyemfunga mtu yule. Anaishi, ni mtu wa heshima, wanamwamkia. Alisema hivyo akitazama sakafu. Kisha akauliza kama binti yuko karibu aje awasalimie, na mlango ukafunguka kabla hajamaliza, kwa hiyo aibu ya kusikiliza mlangoni iko kwenye familia nzima.

Tabita amekitoa kitambaa chini ya godoro. Anakula. Jana alinitukana kwa sababu ya kijiko, nikafurahi sana. Harusi ni baada ya mavuno.

Bado kuna Shangazi. Yeye hajui. Kwa muda wote huu amekuwa akimlaani mchongezi kila anapokutaja, kwa nguvu zake zote, na mchongezi ni wewe. Mama anasema tumwache, ni mtu mzima, ataumia. Baba Mdogo anasema atapasuka moyo akijua ulifungwa kwa kumwekea yeye mahali pa kukaa. Mimi naona amelaani vya kutosha. Atakuja harusini siku chache kabla, na nitakaa naye mimi mwenyewe.

Nakushuku bado, ukitaka kujua. Mtu aliyeficha ng'ombe Mlangali na ukweli Makambako, sijui ameficha nini kingine. Nimepapasa mifuko ya koti lako tena wiki hii. Mna ugoro tu. Lakini usingizi nimeupata.

Sasa nakuaga, Baba, maana nasikia ndoo ya Tabita mlangoni. Lala. Huko uliko hakuna njia zilizofungwa, natumaini. Nakuahidi jambo moja. Sitakutakasa. Sitawaambia watu kwamba ulionewa, wala kwamba hukufanya kitu, kwa sababu ulifanya, na watoto wa Tabita watastahili kukujua mzima mzima. Siku watakapotoka kucheza wamesikia maneno njiani, waje waniulize kwa nini babu yao alifungwa, nitawakalisha chini niwaambie ulivusha ng'ombe palipokatazwa, kisha ukafungwa kwa sababu ulikwenda kusema.

Binti yako,
Lusia